Printa gani itaitendea haki sura ya Mama?

Swali: "Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Luanda, kaunti ya Vihiga. Desemba mama yangu anatimiza miaka 80 na ndugu zangu wameniachia kazi ya kuandaa albamu. Nina picha nyingi kwenye simu, nyingine nimetumiwa na jamaa kwa WhatsApp, na ndani ya sanduku la mama kuna picha za zamani zipatazo 200, baadhi zimegeuka nyekundu. Nataka kununua printa niwe nachapisha mwenyewe nyumbani, labda picha 20 kwa mwezi, pamoja na karatasi za shule za watoto. Nilipokwenda Kisumu, muuzaji mmoja alinionyesha printa ndogo ya katriji, yaani vijisanduku vya wino vya kubadilisha, bei rahisi sana. Wa pili akanionyesha ya tanki, inayojazwa wino kwa chupa, bei zaidi ya mara tatu. Wa tatu akasema nisipochukua ya rangi sita nitakuwa nimetupa pesa. Nimsikilize nani? Halafu, picha nilizowahi kuchapishiwa saiba sura zilitoka nyeusi tii, yanaonekana macho na meno tu. Hilo ni kosa la printa?"

Mwalimu, salamu nyingi, na unifikishie salamu kwa mama. Naanza na swali lako la mwisho. Umeliweka mkiani kana kwamba ni dogo, kumbe ndilo litakalokuchagulia mashine.

Sura zikitoka nyeusi tii, mara nyingi ni makosa matatu yamekutana. La kwanza ni la macho yetu. Skrini ya simu inajiangaza yenyewe, na wengi huiweka mwanga juu kabisa. Karatasi haina taa ndani yake. Inategemea mwanga wa dirisha au balbu. Picha iliyopendeza kwenye simu yenye mwanga kamili lazima ionekane imezama gizani ikishakuwa karatasi. Shusha mwanga wa simu hadi nusu kisha uitazame picha upya. Ikiwa sura imefifia, iangaze kwa programu yoyote ya kuhariri kabla ya kuchapisha, hasa sehemu za kivuli, usiguse sana sehemu ambazo tayari ni nyeupe.

La pili ni kosa la mkono. Mhudumu wa saiba anatia karatasi ya picha ila kwenye kompyuta anaacha mpangilio wa karatasi ya kawaida. Printa haina macho ya kuona kilichowekwa kwenye trei. Inamwaga wino kwa kipimo cha karatasi iliyoambiwa. Karatasi ya kawaida hunywa wino kama udongo mkavu, na ya picha huushika juu juu. Ukikosea hapo, rangi zinarundikana, vivuli vinazibana, na wakati mwingine wino unabaki kunata hadi kesho yake. Nimeona watu wakitupa printa nzima lawamani, na tiba ilikuwa kubadilisha neno moja kwenye orodha ya aina za karatasi.

La tatu ndilo la mashine, na hapa naomba twende polepole.

Wino wa printa za nyumbani ni wa namna mbili. Kuna wino ambao rangi yake imeyeyuka kabisa, kama sukari kwenye chai. Kuna wino wa pigmenti, ambao rangi yake ni chembe ndogo mno zinazoelea ndani ya maji. Printa nyingi za rangi nne zinatumia wino mweusi wa pigmenti, na zile rangi tatu nyingine, yaani sayani (buluu inayoelekea kijani), majenta (waridi iliyokoza) na manjano, zikawa za kuyeyuka. Kwa maandishi mpango huo ni mzuri sana: herufi zinakaa kali, na barua ikinyeshewa haichuruziki. Lakini chembe zile hazikai vizuri juu ya karatasi ya picha inayong'aa. Kwa hiyo ukiiambia printa ya namna hiyo kwamba umeweka karatasi ya picha, kwa kawaida inauacha kabisa wino mweusi na kutengeneza weusi kwa kuchanganya zile rangi tatu. Mchanganyiko huo haufikii weusi wa kweli. Unatoa kahawia ya matope, au kijivu kinachoelekea kijani.

Picha ya ua la manjano haitakushtua. Picha ya mama itakushtua. Kivuli kilicho chini ya shavu, mikunjo ya paji la uso, nywele zilizosukwa, kitambaa cha kichwani chenye rangi iliyokoza: vyote viko katika eneo la giza la picha. Ngozi nyeusi ina kahawia nyingi zinazopishana kidogo kidogo, na ndizo zinazoipa sura umbo. Weusi ukiwa dhaifu na wenye doa la kijani, kahawia hizo zinamezana, sura inakuwa bapa. Mtu anasema "picha imetoka nyeusi" wakati kilichokosekana ni weusi safi wa kutenganisha vivuli.

Basi swali la kumuuliza muuzaji, kabla ya bei, ni hili: wino mweusi wa mashine hii ni wa kuyeyuka au wa pigmenti, na je, unatumika kwenye karatasi ya picha? Wengi hawatakuwa na jibu. Soma mwenyewe maelezo ya chupa za wino. Kwa mfano, Epson L3250 inatumia chupa za namba 103, na zote nne ni za kuyeyuka, weusi ukiwemo. Canon G3010 na printa za HP za jamii ya Smart Tank zina weusi wa pigmenti. Hizi za pili si mashine mbaya, na kama ungeniandikia kwa ajili ya ofisi ya mwalimu mkuu ningekuelekeza huko bila kusita. Wewe umeniandikia kwa ajili ya sura.

Sasa yule wa rangi sita. Hakukudanganya, ila alikuuzia haja ya mtu mwingine. Rangi mbili zinazoongezwa kwenye mashine kama Epson L805 au ile iliyoifuata, L8050, ni sayani hafifu na majenta hafifu. Printa ya wino haina namna ya kuchora rangi nyepesi isipokuwa kwa kutawanya vitone. Mahali penye mng'ao wa shavu au gauni jeupe, vitone vya majenta iliyokoza vikiwa mbali mbali jicho linaweza kuviona, kama unga wa pilipili uliomwagwa kwenye shuka. Wino hafifu unaruhusu vitone viwe vingi na visionekane. Juu ya hayo, kitone kidogo kabisa cha L805 ni pikolita 1.5, na cha L3250 ni pikolita 3. Pikolita moja ni sehemu moja ya trilioni ya lita, kwa hiyo vyote ni vidogo kupita kuona, lakini tofauti ipo.

Inaonekana wapi? Kwenye picha ya sentimita 10 kwa 15 iliyoshikwa mkononi, watu wengi hawaioni hata ukiwawekea zote mbili mezani. Kwenye A4 ya sura peke yake wanaiona, hasa pale ngozi inapopokea mwanga. Wapiga picha wanaozunguka kwenye harusi na mahafali huku kwetu wanazipenda mashine hizo kwa sababu wanauza picha siku hiyo hiyo na mteja analinganisha. Wanachapisha kila siku. Isitoshe, L805 na L8050 hazina skana, na wewe una picha 200 sandukuni. Zipo za rangi sita zenye skana, kama Epson L8160 au Canon G640, ingawa hizo badala ya wino hafifu zimeongeza rangi nyingine, kijivu ikiwemo. Ukiwa na uwezo, chukua mojawapo na utafurahi. Lakini usikope chama kwa ajili ya tofauti ambayo albamu ya picha ndogo haitaionyesha.

Printa ya katriji ya bei rahisi nitaimaliza haraka. Ndani yake kuna katriji mbili, moja nyeusi na moja yenye rangi tatu kwa pamoja. Ile ya rangi tatu ina mililita chache tu. Tupige hesabu ya darasani. Kwa kipimo cha kiwanda, seti ya chupa sita za L805, kila moja mililita 70, inatoa picha zipatazo 1,800 za sentimita 10 kwa 15. Mililita 420 ukigawanya kwa 1,800 unapata karibu mililita 0.23 kwa picha. Sasa tuseme chupa moja ya L3250, yenye mililita 65, ni shilingi 1,500: wino wa picha moja unakugharimu takriban shilingi 5. Tuseme tena katriji ya rangi tatu ina mililita 4 na inauzwa shilingi 2,400: inatoa picha 17 hivi, kila moja zaidi ya shilingi 140 kabla hujahesabu karatasi. Weka bei halisi utakazopewa siku hiyo; nambari zitasogea, ila pengo halitazibika. Na katriji hiyo ya pamoja ina dhuluma nyingine: majenta ikiisha, unatupa na sayani na manjano zilizobaki. Picha za watu huwa zinamaliza rangi bila usawa, kwa hiyo utatupa mara nyingi.

Usidanganywe pia na idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye sanduku. Idadi ile hupimwa kwa kurasa za maandishi na michoro ambazo sehemu kubwa ni nyeupe. Picha inafunika karatasi yote.

Kwa hiyo ni tanki. Lakini kabla hujalipa, jiulize jambo ambalo wauzaji wote watatu hawakukuuliza: utachapisha mara ngapi? Umesema picha 20 kwa mwezi. Ikiwa ni tano kila wiki, vizuri kabisa. Ikiwa ni 20 siku moja kisha printa inafunikwa kitambaa hadi mwezi ujao, kuna shida. Printa ya wino ni kama ng'ombe wa gredi, asipokamuliwa anaugua. Matundu yanayotema wino ni membamba kuliko unywele, na wino unaokaa ndani yake bila kusogea unakauka. Ukirudi unakuta mistari myeupe imekatiza picha. Unaendesha usafishaji wa kichwa, yaani ile sehemu yenye matundu, na usafishaji huo unanyonya wino kutoka tanki na kuumwaga kwenye sifongo iliyo tumboni mwa mashine. Ukisafisha mara nyingi sifongo inajaa, na siku moja printa inakataa kufanya kazi mpaka ibadilishwe. Kuna mashine zenye kisanduku cha wino chafu unachokibadilisha mwenyewe. Nyingine zinahitaji fundi. Hili pia uliza dukani.

Karatasi za watoto zitakusaidia, lakini zikiwa nyeusi tupu zitaamsha matundu ya wino mweusi peke yake. Kila wiki chapisha kitu chenye rangi zote, hata ukurasa mmoja wa ramani ya kaunti zetu au ile karatasi ya kupima matundu iliyomo kwenye mashine. Inatumia wino kidogo mno.

Ukijijua kwamba hutaweza, sema kweli sasa. Ipo njia nyingine ambayo wauzaji hawaitaji: printa ndogo zinazotumia utepe wa rangi na joto badala ya wino wa maji, kama Canon SELPHY CP1500. Inatoa picha ya ukubwa wa postikadi kwa sekunde 41 hivi, inapaka tabaka la kinga juu yake, na hata ikikaa miezi mitatu kabatini haina tundu la kuziba. Karatasi na utepe vinauzwa pamoja, kwa hiyo gharama ya kila picha unaijua tangu mwanzo, na ni juu kuliko ya tanki. Haichapishi karatasi za shule wala haiskani. Kwa mtu wa picha kumi kila sikukuu, ningemshauri hiyo, au ampe kazi mwenye studio.

Nyumbani kwako kuna adui mwingine, Mwalimu, nawe unamjua: stima. Printa ikizimwa kwa kitufe chake, kichwa kinarudi pembeni na kujifunika kwenye kifuniko cha mpira kinachokizuia kukauka. Ikizimwa ukutani, au stima ikipotea katikati ya picha, kichwa kinaweza kubaki wazi katikati ya njia. Stima ikirudi, iwashe hata kama hukusudii kuchapisha, iachie dakika moja ijipange, kisha uizime kwa kitufe. Betri ndogo ya akiba ya kompyuta inaibeba bila shida kwa sababu printa ya wino hula wati chache tu inapochapisha, tofauti na ya leza ambayo itaiangusha betri hiyo. Na kwa radi za alasiri za upande wetu huu wa ziwa, wingu likianza kunguruma zima kwa kitufe kwanza, ndipo uchomoe waya.

Nimefika kwenye karatasi, na hapa ndipo ningependa utumie pesa utakazookoa kwa kutochukua rangi sita. Karatasi za picha zinazouzwa kwetu zinafanana sana machoni: zote nyeupe, zote zinang'aa, zimeandikwa gramu 180 au 230. Gramu ni uzito tu, hazisemi lolote kuhusu ubora wa uso. Karatasi nafuu ni karatasi ya kawaida iliyopakwa utando wa kung'aa upande mmoja; ukiigeuza, mgongo wake unahisi kama daftari, na ikipata unyevu inajikunja kama jani la mgomba juani. Karatasi nzuri imefunikwa plastiki nyembamba pande zote mbili kabla ya kupakwa tabaka la kupokea wino. Mgongo wake ni laini, mara nyingi una maandishi hafifu, na ukiipinda inarudi. Hiyo ndiyo inayoshika weusi. Nikilazimika kuchagua kati ya mashine ghali na karatasi duni, au mashine ya kadiri na karatasi nzuri, nachukua ya pili bila kufikiri mara mbili.

Kwa albamu itakayoshikwa na mikono mingi ya wajukuu, ningechukua uso wa satini au wa hariri badala ya wa kioo. Alama za vidole hazionekani sana, na mwanga wa balbu haurudi machoni. Weusi wake unapungua kidogo tu. Karatasi ya mat isiyong'aa kabisa inapendeza kwa kadi za mwaliko. Sura za watu juu yake hupoa mno kwa ladha yangu. Pakiti ukishaifungua, irudishe kwenye mfuko wake, uufunge vizuri na uuweke mbali na jiko na ukuta wenye unyevu. Msimu wa mvua karatasi iliyoachwa wazi inavuta maji ya hewani, na wino unatambaa.

Umenigusa uliposema picha za sandukuni zimegeuka nyekundu. Picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 zilijengwa kwa tabaka tatu za rangi, na katika karatasi nyingi za wakati ule tabaka la sayani ndilo lililokuwa dhaifu. Lilififia hata gizani, ndani ya sanduku lililofungwa. Sayani ikiondoka zinabaki majenta na manjano, na harusi nzima inakuwa nyekundu. Hii ndiyo sababu nataka uziskani kabla ya kuchapisha hata picha moja mpya. Kila mwaka zinapoteza kidogo. Weka skana kwenye nukta 600 kwa inchi. Picha ya sentimita 9 kwa 13 itakupa pikseli (nukta zinazounda picha) karibu 2,100 kwa 3,000, inatosha kuikuza mara mbili. Skana za printa hizi zinaona vizuri kile kinachogusa kioo tu, kwa hiyo picha iliyojikunja iwekee kitabu kizito juu ya kifuniko. Futa kioo kwa kitambaa kikavu kila baada ya picha kadhaa, na picha iliyonata kwenye ukurasa wa albamu usiivute. Iskani ikiwa pale pale. Kisha kwenye kompyuta punguza nyekundu na uongeze sayani, polepole, ukitazama kitu unachojua kilikuwa cheupe, kama kola ya shati au meno. Picha za nyeusi na nyeupe ziskani kwa rangi vilevile. Maandishi ya wino nyuma yake nayo usiyasahau, maana mara nyingi ndiyo pekee yanayotaja mwaka na jina.

Je, utakazochapisha wewe zitadumu? Zinaweza, ukijua adui. Mwaka 2000 Epson walitoa printa za picha za Stylus Photo 870 na 1270, zilizosifiwa kwamba picha zake zingedumu miaka. Baada ya muda mfupi wateja wakaona picha zilizoachwa wazi, kwenye aina moja ya karatasi ya kung'aa, zikigeuka rangi ya chungwa. Hewa ndiyo iliyokula sayani, gesi ya ozoni ikiwemo. Kiini ni kwamba karatasi zinazokauka papo hapo zina vishimo vidogo vingi mno, na vishimo vile vile vinavyomeza wino vinaipitisha hewa hadi kwenye rangi. Wino umeboreshwa tangu hapo, lakini kanuni haijabadilika: wino wa kuyeyuka ukibandikwa ukutani bila kioo, karibu na moshi wa jiko na dirisha la jua, utafifia. Chini ya kioo cha fremu au ndani ya mfuko wa albamu, hewa haipiti, na umri unaongezeka sana.

Ukishachapisha, usikimbilie fremu. Lalisha picha mezani, funika kwa karatasi nyeupe ya kawaida, acha saa 24. Wino unaonekana umekauka ila bado unatoa mvuke, na mvuke huo ukifungiwa unaacha ukungu kwenye kioo. Kuhusu albamu, ziepuke zile zenye kurasa za gundi na plastiki ya kufunua. Hizo ndizo zilizoharibu picha nyingi za wazazi wetu. Chukua yenye mifuko ya kuingiza picha.

Zile za WhatsApp zinahitaji neno lake. Kwa mpangilio wa kawaida, WhatsApp hupunguza picha hadi upande mrefu uwe na pikseli 1,600 hivi. Kwa sentimita 15 hiyo ni karibu pikseli 270 kwa inchi, nzuri tu, maana kipimo tunachokilenga ni 300. Kwa urefu wa A4 zinashuka hadi 137, na kope za mama zitayeyuka. Picha ndogo za albamu chapisha bila wasiwasi. Ile moja au mbili utakazotaka kubwa, mpigie aliyeipiga na umwombe aitume kama faili, kwa njia ya kutuma hati, ije na ukubwa wake wote. Asiichukue ile aliyotumiwa na mwingine. Aliyeipiga ndiye mwenye asili.

Kuhusu wino wenyewe, nunua wa mtengenezaji, kwenye duka linalotoa risiti. Chupa ghushi zipo sokoni, na nchi ina sheria dhidi yake tangu 2008, lakini sheria haitakuzibulia matundu. Shida ya wino usiojulikana si kuziba peke yake. Majenta yake huwa si ile majenta ambayo programu ya printa ilipimiwa, kwa hiyo sura zote zinaelemea upande mmoja na hutaweza kuzirekebisha kwa kubahatisha.

Na ukishawishiwa mtumba, uliza kama mashine iliwahi kutiwa wino wa kuchapishia vikombe na fulana. Vijana wengi wanaofanya kazi hiyo hutumia printa hizi hizi za tanki. Wino ule ni wa kuhamishwa kwa joto. Kwenye karatasi ya picha unatoka umepauka, na hata ukimwaga tanki, mabaki yanakaa kwenye mirija. Rangi za vikombe zikishaingia, ile si printa ya picha tena. Ukiwa huna uhakika, iache.

Hukumu yangu kwako, basi: printa ya tanki ya rangi nne, yenye skana, yenye wino mweusi wa kuyeyuka. L3250 au nduguye wa karibu inatosha. Skana yake inafika hizo nukta 600, unaweza kuchapisha kutoka kwenye simu kwa waifai, na karatasi za watoto itazimudu. Ujue mipaka yake: picha isiyo na ukingo mweupe inaitoa hadi sentimita 10 kwa 15 tu. A4 itaacha ukingo, nao utafichwa na fremu. Weusi wa kuyeyuka unachuruzika ukilowa, kwa hiyo karatasi za watoto zisinyeshewe njiani. Na picha kubwa ya mama ya kutundikwa sebuleni siku ya sherehe, hiyo moja, ipeleke studio yenye mashine ya rangi sita au ya kemikali, uwaambie unataka ukubwa gani, na uwape faili uliyokwisha kuiangaza wewe mwenyewe.

Siku ya kwenda Kisumu, beba flashi diski yenye picha moja ya mama, iliyopigwa kwenye kivuli cha mti au karibu na dirisha bila flashi ya simu, na pakiti ndogo ya karatasi nzuri. Mwombe muuzaji aichapishe mbele yako kwenye mashine ya maonyesho, mpangilio wa karatasi ya picha ukiwa umechaguliwa. Toka nayo nje ya duka, uitazame kwa mwanga wa mchana. Angalia chini ya kidevu na kwenye nywele. Ukiona kahawia tofauti tofauti, lipa. Ukiona kijani au giza moja, mshukuru, uvuke barabara uende duka la pili. Na usingoje Novemba, kwa sababu kuskani picha 200 kutakuchukua jioni nyingi kuliko unavyodhani, na katika hizo jioni utahitaji mama awe karibu, akwambie ni nani yule aliyesimama nyuma yake.